Wanawake Waliopinga Utumwa Marekani, na Uhusiano Wao na Kaimosi

Watu wa Kakamega na jirani zao wamelijua jina la Marafiki tangu mwaka 1902, Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofika Kaimosi na kuanzisha misheni yao. Leo Kaimosi imo katika Kaunti ya Vihiga, na nchi ya Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini ukiwauliza watu habari za Marafiki hao, wengi watakutajia Biblia, shule, hospitali na kinu cha kupasulia mbao. Ni wachache watakaokuambia habari za vita vya kuuvunja utumwa huko Marekani, na wachache zaidi watakaokuambia kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake.

Katika makala haya tutaeleza kazi hiyo ilikuwa ya namna gani, ilifanywaje na watu ambao hawakuwa na kura wala cheo, na kwa nini yafaa sisi tuijue.

UTUMWA WA MAREKANI

Katika hesabu ya watu iliyofanywa Marekani mwaka 1860, watumwa walikuwa karibu milioni 4. Wengi wao walikuwa katika majimbo ya kusini, wakilima pamba, tumbaku, mpunga na miwa. Waliuzwa mnadani kama ng'ombe, na mume aliweza kuuzwa huku na mke kule.

Sheria moja yastahili kuangaliwa sana. Marekani mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto alikuwa mtumwa, hata kama baba alikuwa ndiye bwana mwenye shamba. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mambo yalikuwa mengine: kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria, bwana akimkiri kuwa ni wake, alikuwa muungwana kama baba yake, na suria mwenyewe alipata uhuru bwana alipofariki. Hatusemi hivyo ili kuusifu utumwa wa pwani, maana utumwa ni utumwa. Twasema ili msomaji afahamu kwamba huko Marekani tumbo la mama lilifanywa kuwa ghala ya mali ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wa huko, weusi kwa weupe, waliona kwamba shauri hili liliwahusu wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

HAWAKUWA NA RUHUSA YA KUSEMA

Siku zile mwanamke wa Marekani hakuwa na haki ya kumchagua Rais wala mjumbe wa Bunge. Mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa, katika majimbo mengi, chini ya mamlaka ya mumewe. Tena ilihesabiwa kuwa ni aibu mwanamke kusimama na kuhutubia mkutano wenye wanaume. Maria Stewart, mwanamke mweusi wa mji wa Boston, alipofanya hivyo mwaka 1832 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa.

Marafiki walikuwa na desturi iliyo tofauti kidogo. Tangu mwanzo wao huko Uingereza walishika kwamba Mungu aweza kumpa neno mwanamume au mwanamke, na aliyepewa neno ana wajibu wa kulisema. Lucretia Mott, aliyezaliwa mwaka 1793 katika kisiwa cha Nantucket, alitambuliwa na Marafiki kuwa mhubiri mwaka 1821. Kwa hiyo alipofika katika shauri la utumwa alikuwa amekwisha kuzoea kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya watu.

Mwezi wa Desemba mwaka 1833 Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani kiliundwa mjini Philadelphia. Bibi Mott alihudhuria na akatoa maneno ya maana, lakini ulipofika wakati wa kutia sahihi tangazo la chama, wanawake hawakuitwa. Siku chache baadaye yeye na wenzake wakaunda chama chao wenyewe, Chama cha Wanawake cha Kupinga Utumwa cha Philadelphia. Ndani yake waliingia wanawake weupe na weusi pamoja, kama vile Charlotte Forten na binti zake, na Sarah Douglass aliyekuwa mwalimu. Chama hicho kilidumu hadi mwaka 1870. Hata hivyo hakikuwa cha kwanza, kwa maana Februari 1832 wanawake weusi wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wamekwisha kuunda chao.

KALAMU, SINDANO NA KIKAPU CHA SOKONI

Mtu atauliza: Wasio na kura wataibadili sheria kwa njia gani? Wanawake hawa walitumia njia tatu, zote zikiwa ni mambo waliyokuwa nayo nyumbani.

Njia ya kwanza ilikuwa maombi ya maandishi. Mwanamke alichukua karatasi yenye ombi kwa Bunge, akaenda mlango kwa mlango, akawaeleza jirani zake jambo lenyewe na kuwaomba watie sahihi. Wengine walimkaribisha, wengine walimfungia mlango. Karatasi zilipelekwa kwa maelfu hata wajumbe wa Bunge wakaudhika, na mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi likaweka kanuni kwamba maombi yote juu ya utumwa yawekwe kando bila kusomwa. Mzee John Quincy Adams, aliyewahi kuwa Rais, aliipinga kanuni hiyo mwaka hata mwaka, naye akatetea mbele ya wenziwe haki ya wanawake ya kuomba. Kanuni iliondolewa mwaka 1844. Basi wale waliotaka kuzima sauti ya wanawake waliwafundisha watu wengi jambo ambalo hawakulijua: kwamba utumwa wa mtu mweusi wazidi kula hata haki ya mtu mweupe.

Njia ya pili ilikuwa sindano. Wanawake walishona nguo, mito na vitu vidogo vya nyumbani, wakaviuza katika maonyesho ya kila mwaka, hasa Boston na Philadelphia. Fedha zilizopatikana zililipa wasemaji, magazeti na vitabu vya chama.

Njia ya tatu ilikuwa kugomea bidhaa zilizotokana na jasho la watumwa. Huko Uingereza Elizabeth Heyrick wa mji wa Leicester aliandika kitabu kidogo mwaka 1824 akitaka utumwa ukomeshwe mara moja, si polepole, tena akawahimiza watu waache sukari iliyolimwa na watumwa. Marekani nako yalifunguliwa maduka yaliyouza pamba na sukari ya wakulima huru tu. Lydia White, mmoja wa Marafiki, alifungua duka la namna hiyo Philadelphia mwaka 1830. Bidhaa zake zilikuwa ghali zaidi, tena mara nyingine hazikuwa nzuri sana, lakini wapo waliozinunua.

Hapa msomaji asifikiri kwamba pamba ile ilikuwa mbali nasi. Nguo nyeupe iliyoitwa merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Salem waliileta Unguja kwa majahazi yao makubwa na kuondoka na pembe za ndovu, na kutoka pwani misafara ikaichukua bara. Viwanda vya kaskazini vilivyofuma nguo za namna hiyo vilitumia pamba ya majimbo ya kusini, nayo sehemu kubwa ilichumwa na watumwa. Kwa hiyo Mwafrika wa bara aliyejifunga merikani alivaa, bila kujua, kazi ya mikono ya Waafrika wenzake waliokuwa utumwani ng'ambo ya bahari. Na Salem, bandari iliyotuletea nguo hiyo, ndio mji ule ule ambao wanawake weusi waliunda chama chao mwaka 1832.

UKUMBI ULIOCHOMWA MOTO

Sarah Grimké na nduguye Angelina walizaliwa Charleston, katika jimbo la South Carolina, wakiwa watoto wa jaji aliyemiliki watumwa. Walichukizwa na waliyoyaona nyumbani kwao, wakahamia Philadelphia na kujiunga na Marafiki. Walipoanza kusema hadharani waliyoyaona kwa macho yao, watu walikuja kwa mamia kuwasikiliza. Mwaka 1837 mapadre wa Massachusetts wakatoa waraka wa kuwaonya watu juu ya wanawake waliotoka katika mahali pao. Dada hao hawakunyamaza. Tarehe 21 Februari 1838 Angelina alisimama mbele ya kamati ya baraza la sheria la jimbo hilo na kueleza maombi ya wanawake juu ya utumwa.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo wapinga utumwa walifungua ukumbi mpya mkubwa mjini Philadelphia. Mnamo tarehe 16 usiku, Angelina alihutubia humo huku watu wenye hasira wakipiga kelele nje na kurusha mawe madirishani. Aliendelea kusema kwa muda wa zaidi ya saa moja. Siku iliyofuata ukumbi ulipofungwa kwa amri ya meya, wanawake waliokuwa wakikutana humo walitoka wawili wawili, mweupe akimshika mkono mweusi, wakapita katikati ya watu wale. Usiku ule ukumbi ukachomwa moto, na wazima moto wakamwagia maji nyumba za jirani tu. Asubuhi yake wanawake wakakutana katika chumba cha shule ya mmoja wao na kuendelea na mkutano.

NYUMBA YA CATHARINE COFFIN

Sasa tufike Indiana, kwa kuwa kazi ya Kaimosi baadaye ilisimamiwa na halmashauri ya Marafiki wa Marekani yenye makao yake katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana. Maili chache kaskazini ya Richmond upo mji mdogo ambao siku zile uliitwa Newport. Hapo aliishi Levi Coffin na mkewe Catharine, Marafiki wote wawili, kwa muda wa miaka 20 hivi hadi 1847.

Nyumba yao ilikuwa kituo cha watumwa waliotoroka kuelekea Kanada. Yasemekana zaidi ya watu 2,000 walipitia mikononi mwao katika maisha yao. Levi ndiye aliyepata jina kubwa, lakini fikiri kazi yenyewe. Mtu agonga mlango usiku wa baridi. Hana viatu, amejeruhiwa, ana njaa, pengine ana mtoto mgongoni. Lazima moto uwashwe, chakula kipikwe, nguo zitafutwe, na kabla ya mapambazuko wageni wawe wamefichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Catharine. Wanawake wa mtaa walikutana nyumbani kwake kushona nguo za wakimbizi. Chini ya nyumba kulikuwa na kisima cha ndani, hata jirani asiweze kuona maji mengi yakitekwa na kuuliza nyumba hii ina wageni wangapi.

Kuwaficha watumwa kulikuwa kuvunja sheria. Baada ya sheria ya mwaka 1850 adhabu ilizidi kuwa kali, faini ya fedha nyingi pamoja na kifungo. Hivyo chungu cha Bibi Coffin kilikuwa na hatari ndani yake.

WALIOKUWA WATUMWA WENYEWE

Si haki kusimulia habari hii kana kwamba watumwa walikaa tu wakingoja kuokolewa. Sojourner Truth, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Isabella, alizaliwa mtumwa katika jimbo la New York karibu na mwaka 1797. Mwaka 1826 aliondoka kwa bwana wake akiwa amembeba binti yake mchanga. Aliposikia kwamba mwanawe Peter ameuzwa Alabama kinyume cha sheria, alikwenda mahakamani. Hakujua kusoma wala hakuwa na fedha, lakini Marafiki wa karibu walimsaidia, na mwaka 1828 akarudishiwa mwanawe. Baadaye alizunguka nchi akihutubia juu ya utumwa na haki za wanawake.

Harriet Tubman alizaliwa mtumwa Maryland karibu na mwaka 1822, akatoroka mwaka 1849. Alikuwa salama, angeweza kukaa. Lakini alirudi yapata mara 13, akawatoa watu wapatao 70, wengi wao jamaa na rafiki zake. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Juni 1863, aliongoza wapelelezi na askari katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakapata uhuru siku ile. Alifariki mwaka 1913.

MARAFIKI NAO WALIKUWA NA KASORO

Mtu asiifanye habari hii kuwa hadithi ya malaika. Sarah Douglass na mama yake, walipokwenda kusali katika nyumba ya Marafiki Philadelphia, waliketishwa kwenye benchi lililotengwa kwa watu weusi. Huko Indiana kwenyewe viongozi wa Marafiki waliogopa fujo, wakawaondoa wapinga utumwa wenye bidii katika kamati zao, hata mwaka 1843 wenye bidii hao, akina Coffin wakiwamo, wakaunda mkutano wao wa pekee. Kanisa au chama chaweza kuwa na mafundisho mema, na bado wanaoyatenda wakawa wachache.

Mwaka 1840 ulifanyika mkutano mkubwa wa dunia wa kupinga utumwa mjini London. Lucretia Mott alitumwa kama mjumbe, akavuka bahari, lakini wanaume wakaamua kwamba wanawake wakae pembeni wasikilize tu. Hapo alikutana na Elizabeth Cady Stanton, na mwaka 1848 hao wawili pamoja na wenzao wakaitisha mkutano wa kudai haki za wanawake katika mji wa Seneca Falls. Waliotetea uhuru wa wengine waligundua kwamba nao wamefungwa.

Baada ya hapo, mwaka 1863 na 1864, chama cha wanawake kilichoongozwa na Bibi Stanton na Susan B. Anthony kilikusanya sahihi karibu 400,000 za kuomba utumwa ufutwe katika katiba. Ulifutwa Desemba 1865. Wanaume weusi walipewa haki ya kura katika katiba mwaka 1870. Wanawake wa Marekani walingoja hadi mwaka 1920, na Lucretia Mott alikuwa amekwisha kufariki tangu 1880.

PWANI YETU NA KAIMOSI

Jambo kama hilo lilitokea hata kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar alitoa amri kwamba mahakama zisitambue tena hali ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kuuomba. Lakini masuria hawakuhesabiwa katika amri ile, ikasemwa kuwa wao ni kama wake wa nyumba. Ilibidi kungoja amri nyingine ya mwaka 1909 ndipo nao wakaingizwa. Kwa mara nyingine tena mwanamke alikuwa wa mwisho mlangoni. Katika pwani ya Kenya sheria ya kufuta hali ya utumwa ilitungwa mwaka 1907.

Mwaka ule ule wa 1897 Marafiki wa Uingereza walianza kazi Pemba, wakanunua shamba la Banani ili waliopata uhuru wapate kazi ya mshahara na mahali pa kuishi. Miaka mitano baadaye Marafiki wa Marekani wakafika Kaimosi. Nao hawakuja wanaume peke yao. Deborah Rees pamoja na mumewe Emory walifanya kazi Maragoli, naye alifundisha wanawake. Katika miaka ya 1920 shule ya bweni ya wasichana ilikuwa ikiendeshwa Kaimosi, jambo ambalo wazazi wengi walilitilia shaka. Wasichana walipoanza kula kuku, chakula ambacho desturi ya Waluyia iliwakataza wanawake, kulikuwa na manung'uniko nyumbani. Mkutano wa Mwaka wa Marafiki wa Afrika Mashariki ulipoundwa mwaka 1946, walikuwapo tayari wanawake waliozoea kusoma, kusali kwa sauti na kutoa shauri mbele ya watu.

FAIDA YA HABARI HII

Kenya ilipofanya uchaguzi wa mwaka 1963, wanawake walipiga kura pamoja na wanaume. Hata hivyo yapo mabaraza mengi ambapo mwanamke huulizwa mwisho, au haulizwi kabisa, na wenye baraza husema kwamba yeye hana la kusema. Habari za wanawake tuliowataja zaonyesha vingine. Walikuwa na karatasi, sindano, chungu na kikapu cha sokoni, na kwa vitu hivyo walisaidia kuvunja jambo lililolindwa na sheria, fedha na majeshi.

Mwenye kusimamia baraza na akumbuke mkutano wa London wa mwaka 1840. Wajumbe wale walikuwa watu wema, tena walikutana kwa shauri jema, lakini waliwanyima nafasi watu waliokwisha kuifanya kazi yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba; wanawake hawa waliijaza haba yao kwa miaka zaidi ya 30 bila kuulizwa na mtu.